Bajeti ya Nguo Ipangwe Kabla ya Mizani

(Maneno ya mweka hazina wa chama mbele ya mkutano wa wanachama, kabla ya kufunguliwa ununuzi wa pamba. Yamenakiliwa hapa kwa ajili ya waliokuwa shambani.)



Mlitegemea niseme juu ya madeni ya dawa. Hayo yamo daftarini, kila mtu analijua lake. Leo nasema juu ya nguo. Msicheke kwanza.

Mwaka jana, baada ya kukatwa mbegu na dawa, nyumba yangu ilibakiwa na shilingi 640,000 za pamba. Naitaja hesabu yangu kwa sababu zenu nazijua, si haki zangu zifichwe. Basi ilipofika Januari binti yetu akachaguliwa kidato cha kwanza. Ada katika shule za serikali iliondolewa tangu 2016, lakini sare ni ya mzazi. Mashati mawili 20,000, sketi mbili 30,000, sweta 15,000, viatu na soksi 26,000. Jumla 91,000. Nikafungua kibubu, hamna kitu! Mimi mweka hazina! Binti akakaa nyumbani siku nne wenzake wako darasani. Tukauza mbuzi jike mwenye mimba, na bei akapanga mnunuzi, maana aliona haraka yetu.

Usiku ule nikachukua kalamu, nikamwambia baba watoto, hebu tukumbuke hela imekwenda wapi. Harusi tatu, kila moja na kitenge chake cha sare: kitenge 25,000, fundi 15,000. Hapo tayari 120,000. Raba za kijana 35,000. Shati na suruali ya baba watoto 40,000. Khanga doti mbili 26,000. Halafu vinguo vya mtumba vya mnadani, leo 2,000, wiki ijayo 3,000. Hivyo ndivyo vilivyotushinda kuvikumbuka. Tulipokadiria tukapata kama 60,000, na nusu yake havivaliki, vimekuwa matambara ya kushikia sufuria. Jumla 281,000. Ndugu zangu, karibu nusu ya pamba yetu ilirudi kuwa nguo, na mtoto hana sare!

Wazee mnakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, nguo ilikuwa ya foleni, wengine walivaa viraka juu ya viraka. Biashara ikalegezwa mwaka 1984, mitumba ikaanza kujaa. Siwaambii turudi kule, nani anataka? Ila zamani mtu alizuiwa na duka tupu. Sasa mchuuzi anakufuata mpaka uani, eti chukua tu mama, utalipa pamba ikiuzwa. Anajua siku ya malipo kuliko mimi.

Mwaka huu tumefanya hivi. Tumetoa nguo zote sandukuni na kwenye kamba, tukazitandika mkekani, watoto wakiwepo. Kijana alikuwa na suruali sita, tatu zinataka zipu tu. Zipu na ufundi ni hela kidogo. Kisha tukaandika kiasi: shilingi 180,000 kwa nguo za mwaka mzima, nyumba nzima. Sare za shule 90,000, na hiyo tunampelekea fundi siku ileile ya malipo, kabla hatujapita mnadani. Januari fundi ana foleni, na wewe una njaa. Nguo za nyumbani na za shamba 50,000. Sherehe 40,000, yaani sare moja tu kwa mwaka. Fungu likiisha, limeisha. Mchuuzi wa mkopo tumemwambia asipite kwetu, na wala hakukasirika, alikwenda kwa jirani.

Hilo la sare moja ndilo gumu, sitawadanganya. Limeshanigombanisha na wifi yangu. Harusi ya mwanawe nilikwenda na gauni langu la zamani, nikatoa mchango wa 10,000 na kuku. Akaniambia mbele ya watu, "Wifi, umetuvunjia mstari." Iliniuma. Mpaka leo salamu zetu si kama zamani. Lakini sijui kwa nini mwenye harusi apokee kitenge changu cha 40,000 kisichompa hata sahani ya wali, aone kuku ni dharau. Naomba mkutano huu ulizungumze, kwa sababu mtu mmoja akikataa sare anaonekana bahili, tukikataa nyumba ishirini hakuna wa kuonekana.

Wanaume nao wasikae kimya. Kofia na viatu vyenu vimo kwenye hesabu.

Nitakuwa ghalani kila Jumatano jioni mpaka mizani ianze. Anayetaka kupangiwa fungu aje na mwenzake wa nyumbani, na aje na daftari. Asiyejua kuandika nitamwandikia, na siri yake itabaki kwangu.