Ulikwenda Lini?

(Maneno tuliyowaambia vijana wanaoanza mafunzo ya nyanjani, Kisumu)



Tumeombwa tuseme namna ya kuandika ripoti. Sisi si maprofesa. Tuna diploma zetu za kazi ya jamii na miaka mingi ya kuzunguka mabichi ya ziwa hili. Basi tutawaeleza habari ya msichana mmoja tuliyempokea ofisini kwa miezi mitatu, maana kwake nasi tulijifunza. Ametupa ruhusa tuseme.

Alikuja na daftari jipya na haraka nyingi. Alitaka kuandika kijitabu juu ya wanawake wanaouza omena na jambo tunaloliita jaboya, yaani mama kulazimika kulala na mvuvi ndipo auziwe samaki. Mnalijua. Mwaka 2011 kina mama wa Nduru, hapa hapa Kisumu, walianzisha kikundi cha kulipinga. Wakapata mashua zao wenyewe, ili mwenye mashua awe mama na mvuvi awe mwajiriwa wake. Mafuriko ya 2020 yakawarudisha nyuma sana, lakini njia walikuwa wameshaionyesha.

Msichana wetu akaenda bichi siku tatu, akarudi na kurasa tano. Ukurasa wa kwanza ulisema wanawake wale hukaa bure mchana kutwa, na umaskini wao unatokana na uvivu. Sisi tulisoma, tukasahihisha herufi, tukasema ni nzuri. Kosa hilo ni letu. Kiswahili kilikuwa safi, nasi tukadanganywa na usafi wake.

Waliomwokoa ni wenzake. Kulikuwa na vijana wanne waliokutana ofisini kila Jumamosi alasiri: yeye, mwanafunzi mwingine wa nyanjani, mmoja aliyesomea ualimu, na mmoja aliyeachia shule darasa la nane akawa anamsaidia mamake kuuza omena. Aliposoma kurasa zake, huyu wa omena aliuliza swali moja tu: "Ulikwenda lini?"

Wakahesabu siku. Zilikuwa siku za mbalamwezi.

Kijana akaeleza. Omena huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa, na omena hufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, mashua hupumzika. Tena kuna Aprili mpaka Julai, serikali inapofunga uvuvi wa omena wapate kuzaana. Kwa hiyo mama aliyeonekana amekaa hakuwa mvivu, alikuwa anangoja giza. Na wakati anangoja, watoto wanakula na deni linakua. Mashua zinaporudi na gorogoro chache, wanunuzi ni wengi, ndipo mvuvi anapochagua nani amuuzie na kwa bei gani. Hapo ndipo jaboya inapoingia. Ripoti nzima ilikuwa imesimama kichwa chini miguu juu.

Msichana alilia. Wenzake hawakumcheka. Mmoja akamwambia, "Dada, usijali, daftari bado lina kurasa." Siku za giza zilipofika, wawili wakamsindikiza bichi saa kumi na moja alfajiri, akaona mwenyewe.

Tangu hapo wakajiwekea sheria tatu, nasi tumezifanya za ofisi.

Kwanza, kila sentensi iwe na alama pembeni: N kama niliona, S kama nilisikia, D kama nadhani. D zikizidi, rudi bichi.

Pili, soma kwa sauti mbele ya wenzako, halafu nyamaza mpaka wote waseme. Hili si geni kwetu Afrika Mashariki. Wanawake waandishi wa FEMRITE kule Kampala, tangu 1996, wamekuwa wakikutana na kusomeana miswada yao, na vitabu vimetoka. Na hapa Kisumu marehemu Asenath Bole Odaga alikusanya masimulizi ya Wajaluo, akaanzisha na kampuni ya kuchapisha, Lake Publishers. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba kazi ya kuandika ni ya Nairobi.

Tatu, wasomee wenyewe kabla ya kuchapa. Rasimu ya pili ilimtaja mjane mwenye watoto sita, kibanda chake karibu na njia ya maji. Jina halikuwepo. Yule wa omena akasema, "Hata mimi nimeshamjua." Chumba kikanyamaza. Wakarudi kwa mama huyo, wakamsomea kwa Dholuo. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Maneno yangu yaacheni, ni ya kweli. Watoto na kibanda viondoeni." Wakaviondoa. Tungechapa vile vile, bichi yote ingemtambua, na mvuvi pia. Kesho yake angenunua omena kwa nani?

Ndiyo sababu leo hatuitaji bichi yenyewe.

Kijitabu kilitoka, kurasa kumi na mbili, kikasomwa mbele ya kamati ya bichi, ile tunayoiita BMU. Hatutawadanganya kwamba jaboya imekwisha pale. Haijaisha. Lakini kina mama saba, mjane wetu akiwa mmojawao, walianza kuweka akiba pamoja kwa ajili ya siku za mbalamwezi, ili mashua zikirudi wawe na pesa mkononi. Wazo hilo lilitoka katika ukurasa wa saba. Lisingetoka katika ile ripoti ya uvivu.

Basi vijana, mtakwenda kila mmoja na daftari lake. Msiandike peke yenu. Tafuteni wenzenu wawili watatu, na mmoja wao awe mtu anayeishi jambo mnaloliandika. Na kabla hamjatuletea sisi tusahihishe herufi, mwacheni awaulize: ulikwenda lini, na nani ataumia ukichapa hivi?