Wako Wapi Wale Tisa?

Somo letu limo katika Injili ya Luka, sura ya 17, kuanzia mstari wa 11. Wakoma kumi walitakaswa, lakini aliyerudi kushukuru alikuwa mmoja tu, naye alikuwa Msamaria. Bwana akauliza habari za wale tisa. Swali hilo linatuhusu na sisi, maana twapokea uponyaji mwingi bila kuuliza ulifikaje kwetu.

Chukueni habari ya kansa ya matiti. Mwaka 1894 daktari mashuhuri wa upasuaji wa Marekani, William Halsted wa mji wa Baltimore, aliandika juu ya upasuaji wake. Aliondoa titi zima, misuli ya kifua iliyo chini yake, na matezi ya kwapani. Hakuwa mtu katili. Siku zile wagonjwa wengi walifika uvimbe ukiwa umekwisha kuwa mkubwa, naye aliamini kwamba kansa hutambaa hatua kwa hatua, na kwamba akikata mbali ataiwahi. Wanafunzi wake wakamfuata, na wanafunzi wa wanafunzi wake, kwa zaidi ya miaka 70. Wanawake wengi walipona, lakini walibaki na kifua kilichobonyea na mkono uliovimba.

Ndipo akaja Bernard Fisher wa mji wa Pittsburgh, daktari wa upasuaji aliyekuwa pia mtafiti. Kazi yake katika maabara ilimwonyesha kwamba chembe za kansa zaweza kusafiri katika damu mapema, kabla kisu hakijafika. Kama ni hivyo, kukata nyama nyingi zaidi hakutaongeza maisha. Lakini Fisher hakutaka watu waamini kwa sababu yeye amesema. Alitaka jambo lipimwe. Mwaka 1971 yeye na wenzake walianza kulinganisha upasuaji ule mkubwa na ulio mdogo kuliko huo. Mwaka 1976 wakaendelea mbele zaidi. Wanawake zaidi ya 1,800, ambao ugonjwa wao ulikuwa bado haujaenea mbali, waligawanywa kwa kura. Wengine waliondolewa titi zima, wengine uvimbe na nyama kidogo iliyouzunguka, na wengine uvimbe kisha wakapewa mionzi.

Madaktari wengi walimpinga. Hata hivyo matokeo yalitolewa mwaka 1985, na mwaka huohuo Fisher akapewa Tuzo ya Lasker, mojawapo ya heshima kubwa za udaktari huko Marekani. Mwaka 2002, wanawake wale walipokuwa wamefuatiliwa miaka 20, ilionekana kwamba urefu wa maisha yao haukutofautiana kwa kiasi cha maana. Kati ya walioondolewa uvimbe tu, kansa ilirudi katika titi lilelile kwa watu 39 katika kila 100. Kati ya waliopata mionzi, ni 14. Fisher alifariki mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka 101.

Ndugu zangu, Mtume Paulo aliwaagiza Wathesalonike wapime kila jambo, na lile jema wasiliachilie. Fisher alipima hata mafundisho ya walimu wake. Anastahili heshima. Lakini wako na wengine wasiopewa tuzo: wale akina mama. Kila mmoja alikubali kura iamue kama titi lake litabaki au litaondoka, wakati ambapo hakuna aliyejua njia ipi ni njema. Majina yao hatuyajui, lakini Mungu anayajua.

Basi tutashukuruje? Yuko mama anayenisikiliza sasa, amegusa kivimbe akioga, na hajamwambia mtu. Anaogopa kisu, na pengine anaogopa mume wake atasema nini. Mama, nenda hospitali wiki hii. Si kila mgonjwa anafaa kuachiwa titi, na mionzi haipatikani kila mahali. Daktari ndiye atakayekushauri. Lakini ugonjwa ukiwahiwa, njia huwa nyingi. Ukikaa kimya, kazi ya miaka hiyo yote inakupita mlangoni. Nawe mwanamume, mke wako akikuambia jambo hili, usimwache aende peke yake. Wala mtu asiseme kwamba kumwendea daktari ni kupungukiwa na imani. Luka, aliyetuandikia habari za wale kumi, alikuwa tabibu.

Tuombe. Ee Mungu, twakushukuru kwa watu uliowapa akili ya kutafuta na moyo wa kupima. Twakushukuru kwa wanawake waliojitoa ili wengine wapone. Mtie nguvu yeye anayeogopa leo, na umpe mtu wa kufuatana naye. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.