Kuanza upya Shabunda: maneno kwa vijana wenzetu



Mimi nina lisanse, kazi sina, na mwaka jana kifua kikuu kilitaka kunimaliza. Nilimeza dawa miezi 6, nikapona. Lakini pale Bukavu, kwa baba mdogo, sahani yangu iliendelea kuwekwa pembeni. Nikapanda kandege kadogo, nikashuka Shabunda. Simjui mtu, Kilega sisikii.

Hapa nachaji simu za watu kwa jua. Chumvi ni bei kali, juu karibu kila kitu kinakuja na ndege ao mgongoni mwa mtu.

Mama mmoja wa sokoni aliniuliza: «Mwanangu, ulikuwa mgonjwa?» Nikamwambia yote. Akanionyesha bwana yake, amekonda vile nilikonda. Tulimpeleka kituo cha afya. Dawa ni bure. Sasa yuko mwezi wa 3, majirani wamemkimbia. Mimi nakula naye sahani moja, mbele ya watu, makusudi: kifua kikuu kinapita kwa hewa, hakipite kwa sahani.

Sasa tuulize viongozi wetu: barabara haipitike, na ndege isipotua, dawa yake ya mwezi wa 4 itapita wapi?