Uvimbe wa Figo Usio Saratani

Msikilizaji, umekwenda kupima ultrasaundi kwa sababu ya tumbo, daktari anakuambia figo ina uvimbe. Moyo unashtuka, nao una haki. Lakini si kila uvimbe wa figo ni saratani. Upo uitwao anjiomayolipoma, mchanganyiko wa mishipa ya damu, misuli na mafuta, unaowapata zaidi wanawake. Mafuta hayo huonekana kwenye kipimo cha sitiskani (CT scan), kwa hiyo mara nyingi hutambulika bila upasuaji.

Ukiwa mdogo na hauumi, kwa kawaida huachwa na kupimwa tena mara kwa mara. Wengi huishi nao miaka bila shida. Hatari yake kubwa ni kuvuja damu, hasa ukizidi sentimita 4, au wakati wa ujauzito. Hapo daktari anaweza kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi kwenye figo, akaziba mshipa unaoulisha uvimbe. Au akaondoa uvimbe peke yake, figo ikabaki. Kuitoa figo nzima kuwe hatua ya mwisho. Ukiambiwa itolewe, uliza kama ni lazima: kwa heshima, lakini uliza.

Maumivu makali ya ghafla ubavuni, mkojo wenye damu, kizunguzungu: usingoje kukuche, nenda hospitali.