Asili Yetu Ni Nyingi, Wala Si Aibu
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Sisi wazawa wa Frere Town na Rabai huulizwa mara nyingi, "Ninyi ni kabila gani?" Vijana wetu husita kujibu. Swali hili si la mchezo, maana asiyeweza kulijibu huhesabiwa mgeni hata pale alipozikwa babu yake.

Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ilianzishwa na misheni ya C.M.S. mwaka 1875, iwe makao ya watu waliookolewa na manowari za Kiingereza kutoka majahazi ya watumwa. Walikuwamo Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo. Wengine walikuwa wamelelewa Nasik, Bara Hindi, wakafundishwa kusoma na kazi za mikono, kisha wakarejea Afrika. Tena, tarehe 1 Januari 1889, watoro zaidi ya 1,400 waliokimbilia misheni za pwani, wengi wao Rabai, walipewa hati za uhuru. Watu hao wakaoana, lugha yao moja ikawa Kiswahili. Na watoto wao wakaoana na Warabai, Wagiriama na Wataita. Hivyo mmoja wetu aweza kuwa na babu Myao, nyanya Mmakua, na mama Mrabai.

Wahenga walisema, "Mwacha asili ni mtumwa." Wako waliotumia methali hiyo kutusimanga. Lakini wazee wetu hawakuacha asili. Walinyang'anywa wangali watoto. Hata hivyo hawakuisahau. Mzee Matthew Wellington, mmoja wa waliouchukua mwili wa Dkt. Livingstone hadi pwani, alilelewa Nasik akapewa jina la Kizungu. Lakini mpaka alipofariki Mombasa mwaka 1935 ilijulikana ya kuwa yeye ni Myao, na jina lake la kwao ni Chengwimbe. Basi methali ile yatuhusu sisi tuliozaliwa huru: tukiiacha asili kwa uvivu au kwa haya, tutakuwa tumejitia utumwani wenyewe.

Kwa hiyo twawaomba wanachama mambo matatu. Kwanza, kila nyumba iandike majina ya wazee wake, upande wa baba na upande wa mama pia, maana mara nyingi ni nyanya aliyehifadhi habari. Pili, yalinganishwe na vitabu vya ubatizo na ndoa vya kanisa, na maandishi ya makaburini. Tatu, wazee waulizwe majina ya nyumbani, nyimbo, na hata maneno machache ya lugha waliyoyasikia utotoni. Neno moja laweza kuonyesha njia ambayo jina la Kizungu limeificha.

Kazi hii haingoji, kwani kila mzee tumzikaye huondoka na kurasa zisizo na nakala. Na kijana akiulizwa tena kabila lake, asiiname. Na awataje wote, mmoja mmoja, kwa majina yao.