Gudulia Lenye Maua na Chungu cha Uvinza



Usharika unapotimiza miaka mia moja, hapana budi kuyataja majina ya watumishi, miaka ya majengo na siku ambayo kengele ililia kwa mara ya kwanza. Ni haki kufanya hivyo. Lakini vyombo vilivyochota maji, vilivyopika na vilivyowekwa mezani havipati ukurasa, na waliovitengeneza hawapati hata mstari. Kwa hiyo hotuba hii inaviangalia vyombo vya namna mbili: gudulia la kauri lililopakwa maua kwa mkono huko Ulaya, na chungu cha udongo kilichofinyangwa katika nchi hii ya Kigoma. Swali ni moja kwa vyote viwili: ni mkono wa nani?

Katika karne ya 19, mji wa Maastricht, kusini mwa Uholanzi, ulikuwa na viwanda vikubwa vya kauri. Kilichovuma zaidi kilianzishwa na Petrus Regout, aliyezaliwa mwaka 1801, mtoto wa nyumba ya wauza vyombo. Alianza na vioo, na katika miaka ya 1830 akaingia katika kauri, akiwatumia mafundi kutoka Uingereza. Baada yake, mwaka 1899, kampuni ilichukua jina la De Sphinx, yaani yule mnyama wa Misri ya kale mwenye mwili wa simba na kichwa cha mtu. Na mnyama huyo alikuwa pia chapa chini ya vyombo. Kiwanda kingine cha mji huo kiliitwa Société Céramique. Mabakuli, sahani na magudulia ya Maastricht yalivuka bahari mpaka Indonesia, na mpaka Zanzibar na Lamu. Mabakuli ndiyo yaliyopendwa mno mwambao. Yalikuwa meupe, yenye maua mekundu, ya buluu na ya kijani. Mengine yamechorwa kwa brashi, mengine yamegongwa kwa kipande cha sponji kilichokatwa umbo la ua. Waungwana waliyapanga katika zidaka za nyumba zao, wala si kwa kulia chakula tu, bali yatazamwe.

Atazamaye ua lile huona wepesi wa mkono: petali moja kwa mpigo mmoja wa brashi, jani kwa mpigo mwingine. Wepesi huo ulitokana na kurudia ua lile lile kutwa nzima, na wengi waliolirudia walikuwa wanawake na wasichana. Viwanda vya Maastricht vilijulikana pia kwa kazi ya watoto. Sheria ya mwaka 1874 iliwakataza wenye viwanda kuwaajiri watoto walio chini ya miaka 12. Hata hivyo, uchunguzi wa bunge la Uholanzi wa mwaka 1887 ulisikia habari nzito kutoka mji huo, na sheria ya mwaka 1889 ikakataza wanawake na vijana kufanya kazi usiku. Vumbi la udongo liliharibu mapafu, na risasi iliyotiwa katika rangi ya kung'arisha ilikuwa sumu. Chini ya gudulia limeandikwa jina la Regout. Jina la binti aliyelichora ua halikuandikwa popote.

Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, kwa njia ya Tabora, ni zaidi ya kilomita 1,000, na kabla ya reli mizigo yote ilikwenda vichwani na mabegani mwa wapagazi, kila mmoja akibeba kilo 30 hivi. Nguo, shanga na nyaya za shaba ndizo zilizotangulia; kauri ni mzigo wa mashaka, kwa maana mpagazi akijikwaa mara moja tu, safari ya miezi imepotea. Misafara hiyo ilirudi pwani na pembe za ndovu, na pamoja nazo watu waliofungwa. Si halali kulisifu ua la gudulia na kuinyamazia njia iliyolileta.

Sasa turudi nyumbani. Uvinza, karibu na mahali Mto Ruchugi unapokutana na Malagarasi, kuna chemchemi za maji ya chumvi. Mwaka 1968 John Sutton na Andrew Roberts walichapisha matokeo ya uchunguzi wao wa mahali hapo: watu wamekuwa wakichemsha chumvi pale tangu katikati ya milenia ya kwanza baada ya Kristo. Yaani kabla ya msafara wowote wa pwani kufika Ujiji, mwanamke wa Uvinza alikuwa amekwisha kuinjika chungu chake juu ya mafiga. Chumvi hiyo ilisafiri mbali kuzunguka ziwa. Lakini chumvi hula chungu. Maji yake hupenya udongo, moto huupasua, na chungu kilichochemsha mara kadhaa hakina kazi tena. Kwa hiyo hapakuwa na chumvi pasipo mfinyanzi kufanya kazi msimu baada ya msimu. Na chumvi ilipokwenda sokoni, chungu chake kilibaki nyuma kikiwa vigae.

Mfinyanzi huyo hakuwa na gurudumu kama lile ambalo Yeremia aliliona katika sura ya 18. Aliviringisha udongo, akaujenga pete juu ya pete, akaulainisha kwa kigae au kibuyu, akauanika kivulini, kisha akauchoma peupe kwa kuni na nyasi. Hakutia chapa yoyote chini yake. Hakuihitaji, kwa maana katika kijiji watu huutambua mkono wa mfinyanzi kwa mdomo wa chungu na kwa mistari ya shingoni, kama wanavyoitambua sauti ya jirani. Ajabu ni hiyo: chombo chenye chapa kilimficha aliyekitengeneza, na kisicho na chapa kilitembea na jina lake midomoni mwa watu mpaka walipokwisha waliomfahamu.

Wajerumani walijenga kiwanda cha chumvi Uvinza mwanzoni mwa karne ya 20, wakapaita Gottorp, na mitambo ikachukua nafasi ya vyungu. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Baadaye sufuria na ndoo zikaingia jikoni, na gudulia na chungu vikasogezwa pembeni pamoja. Viwanda viwili vya Maastricht viliungana mwaka 1958. Pale Uvinza vigae vimelala ardhini tabaka juu ya tabaka, na vilivyo chini kabisa vina umri wa miaka 1,400 na zaidi.