Mlango Uliolala

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wa mwaka)



Walionitangulia wamezungumza juu ya uongozi na uchumi. Mimi nitazungumza juu ya mlango wa gari.

Gari lenyewe ni Volkswagen ya zamani, ile yenye umbo la kobe. Yaliundwa zaidi ya milioni 21, hata kiwanda cha mwisho, huko Puebla, Meksiko, kilipoacha kuyaunda mwaka 2003. Wazee wenzangu watakumbuka kuwa gari la namna hiyo lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1962. Langu halijashinda kitu.

Mlango wa abiria ulianza kugoma kufunga. Nikafanya wafanyavyo wengi: nikalegeza kile chuma cha nguzoni kinachopokea kitasa, nikakishusha kidogo kiufuate mlango uliolala. Ukafunga, lakini kwa kubamizwa. Haukupita muda mkono wa nje ukavunjika. Nikaupeleka kwa fundi wa kuchomelea. Kumbe mkono ule si chuma cha pua. Ni mchanganyiko wa zinki uliomiminwa katika kalibu, ukapakwa kromiamu juu. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi za Selsiasi, na moto wa kuchomelea ni wa maelfu. Ulitiririka sakafuni kama nta. Nikanunua mwingine, nao ukavunjika.

Siku moja tulikuwa tukiteremka kutoka Lushoto kwenda Mombo, mama yangu amekaa kushoto. Tukakata kona ya kulia, mlango ukafunguka. Nilichowahi kushika ni upindo wa kanga yake. Yeye alishika dashibodi. Namshukuru Mungu, hakuanguka. Hakusema neno mpaka Mombo. Hapo alishuka, akapanda basi.

Vijana, sikilizeni hapa. Ugonjwa haukuwa kwenye mkono wala kwenye kitasa. Fungua mlango nusu, ushike ncha ya nyuma, uinue. Ukipanda na kushuka huku nguzo imetulia, pini za bawaba zimelika. Mlango ukilala, kitasa hakikutani sawasawa na mwenzake. Nawe unavuta mkono kwa nguvu ambayo haukuumbiwa. Ndiyo maana huvunjika.

Kwanza uegemeze mlango juu ya jeki, na kipande cha ubao katikati usikwaruze rangi. Shughulikia bawaba moja tu kwa wakati. Mbili kwa pamoja, mlango utakuangukia miguuni. Pini hutolewa kwa kusukumwa na kifaa cha kubana. Mimi niliitwanga kwa nyundo nikaipinda bawaba, kazi ya saa mbili ikawa ya siku mbili. Ikilazimu kufungua skrubu za nguzoni, zitie mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake, na uchore kwa penseli mahali bawaba ilipokaa. Tundu likiwa limepanuka, pini ya kipimo kile kile haifai kitu: tundu lichongwe upya, itiwe pini nene zaidi. Mlango ukikaa mahali pake, ndipo ukirudishe kile chuma cha nguzoni, na mwisho kabisa ufunge mkono mpya.

Na bawaba zile zina vitundu vya oili, vyenye vizibo vidogo. Gari nimekuwa nalo miaka kumi na moja bila kuvijua. Matone machache kila unapobadili oili ya injini, basi.

Sasa mlango wangu unafunga kwa kidole kimoja. Mama alikubali kupanda tena baada ya miezi mitatu. Alikaa kiti cha nyuma, ambako hakuna mlango.